Mwano Uliochelewa Kujibiwa

Kwetu mtu akipiga mwano huulizi kuna nini. Unaacha ulichoshika. Kama unakamua, unamwachia ndama. Kama unasonga ugali, unaacha mwiko umesimama sufuriani. Kama unagombana na mumeo, mnatoka wote wawili, ugomvi mtaumalizia njiani. Mwano ni sauti moja, ya juu, ndefu, inapanda halafu inavunjika, na anayeisikia anaipokea na kuipeleka mbele kwa jirani, mpaka pori zima linatoka na marungu na mikuki. Maswali yanaulizwa ukishafika.

Na asiyekuja? Tunamtenga. Hasalimiwi. Hapewi moto wala maji. Akifiwa atachimba kaburi peke yake na mkewe atashika taa.

Nimeanza na hilo kwa sababu asiyelijua hatanielewa nikisema kwamba watu wazuri kabisa, watu wa kanisani, waliomlilia mjukuu wangu machozi ya kweli, nusura wamwachie muuaji wake aende zake. Na walikuwa wanamwachia kwa neno moja tu: "Sikusikia."

Sisi ni Wasukuma tuliohamia Ushetu na ng'ombe wetu, tukakuta watu wa pale wanalima tumbaku, tukajifunza. Wajukuu wangu wawili niliwalea mimi baada ya mama yao, binti yangu, kufariki. Mkubwa wa kiume, mdogo wa kike. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo hesabu sikuwafundisha. Niliwafundisha kuamka mapema na kutosema uongo. Watu wakinisifia ng'ombe wangu nanyamaza, lakini wakinisifia hawa wawili siwezi kunyamaza, na hapa pia sitanyamaza.

Huyu wa kiume alipokua alikwenda machimboni, upande wa Geita, kama vijana wengi waliochoka kuinamia tumbaku. Hakuwa mtu wa kushuka chini. Alikaa mdomoni mwa duara, ndilo shimo lenyewe la dhahabu, kwenye gurudumu la kamba linaloshusha watu na kupandisha mawe. Aliniambia, "Bibi, kazi yangu ni kushika roho za watu kwa mikono miwili." Nikamwambia, "Basi usijikune."

Siku moja mwenzake alipokea gurudumu akiwa ameshavuta bangi, macho mekundu kama nyanya. Akakiona kitu alichokiona yeye peke yake, akacheka, akaachia. Kwenye kamba alikuwemo baba wa watoto wadogo. Walimpandisha ndani ya gunia.

Ile bangi mjukuu wangu aliijua ilikotoka. Ilitoka kijijini kwetu. Palikuwa na mtu wetu mmoja, tumemwona akikua, kalala hata kwangu akiwa mdogo, ambaye alipanda bangi katikati ya shamba lake la tumbaku na kuipeleka machimboni kwa pikipiki. Kila mtu alijua. Tumbaku inanuka na bangi inanuka, lakini si harufu moja. Pua za kijiji kizima zilikuwa zimekubaliana kukaa kimya.

Mjukuu wangu alikwenda polisi mchana, akasema jina lake na la mwenye shamba. Polisi walikuja, wakafyeka, wakachoma. Moshi ulitambaa kijijini siku nzima. Kuku walikuwa wanatembea kama wametoka harusini, na watu walicheka sana, mimi nikiwemo. Mwenye shamba hakuwepo kucheka. Alikuwa amekimbilia machimboni, na kutoka huko akatuma salamu: "Mwambieni huyo mwenye mdomo nitakuja kumsalimia."

Alikuja msimu wa kuvuna. Kijana alikuwa amerudi nyumbani kutusaidia. Mimi sikuwepo, nilikuwa hospitali Kolandoto, nimepasuliwa jicho, nimefungwa kitambaa. Yaliyotokea nayajua kwa mdomo wa binti, yule mjukuu wangu mdogo, na mdomo ule sijawahi kuukuta na uongo.

Jua lilikuwa linazama. Binti alikuwa kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, anachochea moto. Kaka yake alikuwa anafunga zizi kwa miiba. Ikaja pikipiki, watu wawili. Mmoja alibaki juu, uso kafunga kitambaa. Mwingine alishuka na panga, uso wazi, kama mtu aliyefika kwake. Alikuwa yeye. Alisema, "Nimekuja kukusalimia," na hakusema lingine.

Binti akapiga mwano.

Akaupiga wakati panga linakata. Akaupiga wakati pikipiki inaondoka. Akaketi chini, akakiweka kichwa cha kaka yake mapajani, akaendelea kuupiga mpaka sauti ikawa haitoki, inatoka pumzi tu. Jioni ilikuwa haina upepo. Miji ya majirani, yaani kaya zao, ilikuwa inaonekana, moshi wa mapishi unapanda. Hakuja mtu.

Asubuhi alipita mchunga ng'ombe wa kijiji kingine, akawakuta hivyo hivyo.

Mazishini walikuja wote. Nitawasema vizuri panapostahili: kaburi walilichimba zuri, kuni walileta, maji walileta, wanawake walilala kwangu mpaka matanga yakaisha. Niliwaona kwa jicho moja. Mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wa ulinzi wetu wa jadi, mzee wa heshima ambaye mji wake uko karibu kabisa na wangu, alishika jembe mwenyewe. Lakini binti alikaa pembeni, na kila aliyemwinamia kumpa pole alimtazama kama unavyotazama ukuta.

Wiki iliyofuata mke wa mtemi alikuja na kigae chake kuomba moto, kama tulivyozoeana miaka yote.

"Mwangaluka, binti. Naomba kaa la moto."

Binti hakuinua kichwa. "Moto wangu hausikii, mama."

"Unasemaje?"

"Nasema hausikii. Uite na wewe, labda utakuja."

Mama wa watu akaondoka na kigae chake kitupu. Na kuanzia siku hiyo mjukuu wangu alikitenga kijiji. Sijawahi kusikia jambo hilo. Kijiji humtenga mtu. Mtu atakitengaje kijiji? Lakini alikitenga. Hakusalimia, hakuitikia, hakuomba maji kwa mtu wala kumpa. Msichana mwembamba, kilemba cha msiba kichwani, anapita katikati ya watu kama anapita porini, na watu wazima na mvi zao wanampisha njia. Nilimwogopa kidogo. Kumwogopa mtoto uliyemwogesha ni kitu cha ajabu, na ni kitamu pia.

Jina la muuaji binti alilitaja polisi asubuhi ile ile waliyokutwa. Walimkamata machimboni. Yeye akasema jioni ile alikuwa Geita, na rafiki zake wakaapa hivyo. Yule wa pikipiki hajajulikana hadi leo. Basi ikabaki neno la binti dhidi ya neno lake, na mpelelezi akaja kutafuta mtu mwingine yeyote aliyesikia au kuona.

Ah, siku ile! Huyu alikuwa amelala na homa. Huyu alikuwa mnadani, na mnada haukuwepo. Kila nyumba ilikuwa na redio inaimba kwa nguvu, kijiji ambacho watu huazimana betri. Mtemi naye aliandikisha kwamba hakusikia kitu.

Walimwogopa yule mtu, sawa, ana watu wake na pikipiki zake. Lakini si hilo tu. Mtu akisema "nilisikia," swali linalofuata ni "ulikwenda?" Na akisema hakwenda, amejihukumu mwenyewe kwa sheria yetu. Waliogopa panga la yule, lakini zaidi waliogopa kuamka asubuhi hakuna anayewasalimia. Sheria tuliyoiweka ili watu wakimbilie mwano ndiyo iliyowaziba midomo.

Kabla ya kesi, alikuja mjomba wa muuaji, na wazee wawili nyuma yake, kuongea habari za ng'ombe wa kufuta machozi. Alikaa kwenye kigoda changu, akaondoa kofia.

"Mayu, mama," akaniambia, "damu haimwagiki mara mbili. Wazee wetu walikuwa wanamaliza haya nyumbani. Mahakama ya nini?"

Nikasema, "Wazee wetu walikuwa pia wanakuja wakiitwa."

"Tukubali yaishe. Binti bado mdogo, atahitaji kuolewa. Nani ataoa mtu wa mahakamani?"

Binti alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Akasema bila kuacha kupepeta, "Baba, hao ng'ombe wanajua kuongea?"

"Ng'ombe? Hapana."

"Basi warudishe. Sisi tunatafuta anayejua kuongea."

Wale wazee wawili walicheka kabla hawajajizuia. Mjomba akavaa kofia yake.

Kesi ilisikilizwa Shinyanga mjini, mbele ya jaji. Tulifikia kwa ndugu yetu Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ilipopita juu ya bati, kuku waliingia chini ya kitanda na mimi nusura niwafuate. Binti alisimama uani akaitazama mpaka ikapotea. Nikamwuliza, "Unaogopa?" Akasema, "Ndege?" Nikasema, "Kesho." Akasema, "Bibi, mimi nilishaogopa yote siku ile. Yaliisha."

Mashahidi hukaa nje mpaka waitwe. Mtemi alikuwa ameitwa na serikali, kwa vile ni jirani wa karibu, na wote tulijua atakachosema. Alikaa kwenye benchi la nje na fimbo yake, kanzu safi, hatazami mtu. Mimi sikuwa shahidi, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia.

Muuaji alikuwa kizimbani, amenyolewa vizuri. Aliniamkia kwa kichwa. Nilimwangalia mpaka akageuka.

Binti alieleza yote bila kulia. Wakili wa serikali akakaa. Akasimama wakili wa yule mtu, kijana wa kwetu huku huku, unamsikia kwenye ulimi, suti inang'aa kama mgongo wa mende.

"Binti, wewe ni Msukuma?"

"Ndiyo."

"Mwano ukipigwa, Wasukuma hufanya nini?"

"Huja."

"Wote?"

"Wote."

"Jioni hiyo unayosema, walikuja?"

"Hawakuja."

Wakili akageukia watu kama anagawa pipi. "Mheshimiwa Jaji, hapa kuna mawili. Ama Wasukuma wameacha kuwa Wasukuma, ama mwano haukupigwa. Na kama haukupigwa, ni kwa sababu huyu hakuwepo hapo, na hakumwona mtu." Halafu akamrudia kwa sauti ya upole. "Au pengine ulikuwa mwano mdogo, eeh? Ulinong'ona?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa ameikamata sheria yetu kwa mpini na makali yake yalikuwa upande wetu.

Binti akamtazama jaji. Jaji alikuwa mtu wa mbali, Kiswahili chake laini cha pwani, miwani imeshuka puani. "Mheshimiwa, naomba nimjibu ulikuwaje."

"Mjibu."

Akavua ndala. Sijui kwa nini alivua ndala, nimemwuliza baadaye na yeye hajui. Akasimama peku juu ya sakafu ile, akafumba macho, akapiga mwano.

Nimezeeka na nimesikia mingi. Nimesikia wa simba, wa mafuriko, wa ng'ombe walioibwa. Ule sikuwahi kuusikia. Ulianza chini, ukapanda ukuta, ukafika darini, na pale ulipotakiwa kuvunjika haukuvunjika, ulikwenda mbele, na mimi nikaelewa kwamba ndiyo sauti ya jioni ile, ilikuwa imo ndani yake muda wote haijapata pa kutokea.

Na watu walikuja.

Siwezi kueleza vizuri. Hatukuamua. Nilijikuta nimesimama, mimi na magoti yangu. Benchi lote lilisimama. Watu waliokuja kwa kesi za mashamba, hawatujui, walisimama na kugeukia mlango kutafuta njia ya kutokea na kitu cha kushika. Huko nje nikasikia mwano unapokelewa, mtu kaupokea uani, mwingine kaupokea barabarani, unakwenda mbele kuelekea sokoni. Mama aliyekuwa anauza chapati chini ya ukuta wa mahakama aliingia mbio na upawa mkononi unadondosha mafuta. Askari magereza, kijana wa Kisukuma, alikuwa ameshapiga hatua kumkimbilia binti kabla hajakumbuka yuko kazini. Jaji mwenyewe alikuwa nusu amesimama, kalamu hewani, na hakujua anasimama kwa nini.

Nikamtazama muuaji. Hili nalisema kama nilivyoliona. Yeye pia alikuwa amesimama. Mkono mmoja umeshika ukingo wa kizimba, mguu umeinuka, mwili wote umeelekea kwa binti, tayari kwenda kuokoa. Alizaliwa kwetu. Damu yake ilisikia kabla yeye hajaikataza. Na binti akafumbua macho, wakatazamana, na mguu ule ukashuka polepole.

Mafuta ya chapati tu yalikuwa yanadondoka.

Halafu mlango ukagongwa na ukuta, akaingia mtemi. Askari wawili wamemshika kanzu naye anawaburuta. Mzee yule! Kofia imeanguka, fimbo ameinyanyua. Alifika katikati ya mahakama, akasimama mbele ya mjukuu wangu anahema, akasema kile mtu anachosema akifika kwenye mwano:

"Nimekuja. Kuna nini?"

Binti akamjibu, "Umechelewa, baba."

Mzee akashusha fimbo.

Jaji aliwarudisha watu wote mahali pao kwa ukali, na akawa na haki. Mtemi alitolewa nje mpaka zamu yake. Wakili alipiga kelele kwamba huo ni mchezo wa kuigiza. Jaji akamwambia, "Wewe ndiye uliyeuliza." Sijawahi kumpenda mtu wa mahakama kama nilivyompenda yule wakati ule.

Mtemi alipoitwa, aliapa, akashika ukingo wa kizimba cha mashahidi.

"Nilisikia," akasema, kabla hajaulizwa vizuri. "Nilichukua rungu. Nilifika mlangoni kwangu. Mwano ulikuwa wa kwake, mtoto huyu naijua sauti yake tangu anachunga ndama. Nikasimama pale pale mlangoni, nikaogopa. Ikapita pikipiki, imetoka kwao. Aliyekaa nyuma alikuwa huyu. Shati lake lina damu. Akaniona. Akaniambia, 'Shikamoo, mzee.'"

"Nawe ukafanyaje?" wakili wa serikali akauliza.

"Nikaitikia. Nikasema marahaba." Akamtazama binti. "Mwano sikuuitikia. Yeye nikamwitikia."

Wakili wa suti alisimama haraka. "Polisi uliwaambia hukusikia. Leo umesikia. Lini ulikuwa mwongo?"

"Siku ile."

"Kwa nini tukuamini leo?"

"Uongo wa siku ile ulinilinda. Ukweli wa leo unanitoa kijijini. Nani anasema uongo wa kujifukuzisha?"

Hukumu ilikuja baadaye, na maneno yake mengine yalinipita, ila mawili niliyaelewa: ana hatia. Nilidhani nitafurahi nipige vigelegele. Sikupiga. Binti alisema, "Haya, twende, mtama unaliwa na ndege."

Nyumbani mtemi aliweka chini fimbo ya utemi mbele ya mkutano na akataka atengwe. Ndipo akasimama mwingine, akasema naye alisikia. Akasimama mwingine. Wanawake wakaanza kulia. Mwisho waliokuwa wamekaa walikuwa wageni na watoto. Mzee mmoja akauliza, "Sasa nani atamtenga nani?" Watu wakacheka kicheko kibaya, cha aibu. Wakaamua kwamba wa kutoa adhabu ni yule aliyepiga mwano. Walileta fahali kwetu, fahali wa adhabu, wa kuchinjwa akishawasamehe, mnene. Binti alimtazama yule fahali, akasema, "Nitawaambia," akarudi shambani. Fahali akafungwa kwenye mti wangu, akala majani yangu. Hakuna aliyethubutu kumchinja wala kumrudisha. Nikamwambia, "Ng'wana wane, mwanangu, watu wanasubiri." Akasema, "Na mimi nilisubiri."

Basi wakasubiri. Wazee, wanakwaya, wenye ng'ombe wengi na wasio na hata mbuzi, walisubiri neno la msichana.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikasikia miguu uani, ikasimama mbali. Nikamwona mke wa mtemi, na kigae chake. Alisimama tu, macho chini, kama aliyejua jibu na amelifuata hata hivyo.

Binti alitoka kwenye bani, uso umejaa majivu. Akakitazama kile kigae. Halafu binti akaingia ndani, akatoka na kaa kubwa jekundu juu ya kipande cha bati, akaliweka kwenye kile kigae.

"Mwangaluka, mama," akasema. "Lipulizie, lisizime."

Yule mama alikishika kigae kwa mikono miwili. Aliondoka anapuliza huku analia, na moshi mwembamba ukamfuata kupita shamba lote mpaka mlangoni kwake, na kutoka kwenye miji mingine nikaona wanawake wanatoka mmoja mmoja, vigae mikononi. Niliuacha mwiko umesimama sufuriani nikatoka nje kutazama.